Toba Inayofika Kazini: Imani ya Kikristo, Tabia ya Mtu na Kufanywa Upya kwa Taifa

Kila mara Wakristo wanapokaa kujadili mmomonyoko wa maadili katika taifa, kauli mbili hugongana. Ya kwanza husema kwamba taifa ni watu wake, na kwa hiyo mioyo ya watu ikibadilishwa na Kristo, nchi nayo itabadilika bila kuhitaji zaidi ya hapo. Ya pili husema kwamba mahubiri hayajawahi kuziba mwanya wa sheria mbovu, kwamba mtu mwema akiwekwa mahali palipooza ataondoka au ataoza pamoja napo, na kwamba kazi ya maana ni kurekebisha katiba, mahakama na usimamizi wa hazina. Wenye kauli ya kwanza huonwa kuwa wacha Mungu wasioijua dunia. Wenye kauli ya pili huonwa kuwa wameiweka Injili kando. Nionavyo mimi, kila upande umeshika nusu ya jambo, na kinachopotea katika mabishano ni ile sehemu ya kati inayoziunganisha nusu hizo: kazi ambayo mtu anaifanya, cheo alichonacho, na mamlaka, hata yawe madogo namna gani, aliyopewa juu ya mwenzake. Hapo ndipo imani ya mtu mmoja inapoligusa taifa, na hapo ndipo mara nyingi inapokwama.

Taifa mbele za Mungu

Kabla ya kufika huko, ni lazima tuondoe utata mmoja kuhusu taifa lenyewe. Aya inayonukuliwa kuliko zote katika mikutano ya kuliombea taifa ni 2 Mambo ya Nyakati 7:14, ambapo Bwana anasema kwamba ikiwa watu wake, walioitwa kwa jina lake, watajinyenyekesha, na kuomba, na kumtafuta uso, na kuziacha njia zao mbaya, atasikia toka mbinguni na kuiponya nchi yao. Neno hilo alipewa Sulemani usiku, baada ya kuweka wakfu hekalu, nalo lilihusu Israeli, watu wa agano. Hakuna dola ya leo yenye agano la namna hiyo. Walio karibu zaidi na wale "walioitwa kwa jina langu" ni Kanisa, ambalo limetawanyika katika mataifa yote na halina bendera. Mtu anayeisoma aya hiyo kana kwamba iliandikiwa serikali ya nchi yake anaipa dola heshima ambayo Maandiko hayakuipa, na papo hapo analipunguzia Kanisa mzigo wake, kwa sababu wanaoagizwa kuacha njia mbaya katika aya hiyo ni watu wa Mungu wenyewe, wala si walevi na wezi wanaotajwa katika maombi ya kuliombea taifa.

Hata hivyo, mataifa yasiyo na agano hayakuachwa bila hukumu. Nabii Amosi, aliyehubiri katika karne ya 8 kabla ya Kristo, anaanza kitabu chake kwa kuyashtaki mataifa yaliyoizunguka Israeli, na mashtaka yake yanastahili kusomwa polepole. Dameski inashtakiwa kwa kuipura Gileadi kwa vyombo vya chuma. Gaza inashtakiwa kwa kuchukua jamii nzima ya watu na kuiuza kwa Edomu. Waamoni waliwapasua wanawake wenye mimba ili kupanua mipaka yao, na Moabu iliichoma mifupa ya mfalme wa Edomu hata ikawa chokaa. Katika orodha hiyo hakuna taifa la kigeni linalohukumiwa kwa kukosa kumwabudu Mungu wa Israeli. Yote yanahukumiwa kwa mambo ambayo dhamiri ya mwanadamu yeyote huyajua kuwa ni maovu. Israeli inapofikiwa, shtaka la kwanza ni kwamba wamewauza wenye haki kwa fedha, na wahitaji kwa jozi ya viatu.

Jambo hili lina matokeo makubwa kwa mada yetu. Kufanywa upya kwa taifa kimaadili si mali ya Wakristo peke yao, wala hakusubiri hadi wananchi wote wabatizwe. Katika Mwanzo 20, Ibrahimu anamficha mfalme Abimeleki ukweli kuhusu Sara, akijitetea kwamba alidhani hakuna hofu ya Mungu mahali pale. Kumbe mfalme yule wa kigeni ndiye anayemuuliza nabii swali la haki, naye nabii hana jibu zuri la kutoa. Mkristo anayeingia katika shughuli za umma akidhani kwamba maadili yalifika nchini pamoja na dhehebu lake yuko katika hali ileile ya Ibrahimu. Anao wenzake katika kutafuta haki ambao hawasali pamoja naye, na baadhi yao wako mbele yake.

Swali lililoulizwa mtoni

Ni wapi basi imani inapopata mchango wake wa pekee? Jibu lililo wazi kuliko yote limo katika Luka 3, kwenye mahubiri ya Yohana Mbatizaji katika mto Yordani. Yohana alihubiri toba, akadai matunda yapasayo toba, na makundi yakamuuliza, "Tufanye nini basi?" Umati uliambiwa ugawane kanzu na chakula. Wakaja watoza ushuru na swali hilohilo, akawaambia, "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Wakaja askari, akawaambia, "Msidhulumu mtu, wala msishitaki kwa uongo. Tena mtoshewe na mshahara wenu."

Ili kuona uzito wa majibu hayo, inafaa kukumbuka jinsi ushuru ulivyokusanywa chini ya utawala wa Rumi. Mara nyingi haki ya kukusanya ilikabidhiwa watu binafsi kwa mapatano ya kiasi fulani, na chochote walichoweza kukamua juu ya kiasi hicho kilikuwa faida yao. Askari naye alikuwa na silaha, na mwananchi wa kawaida hakuwa na pa kumshtakia. Katika hali zote mbili, dhambi haikuwa tukio la ghafla la udhaifu wa mwili. Ilikuwa sehemu ya kazi yenyewe, imezoeleka hata ikawa na jina la posho. Yohana hakuwaambia waongeze siku za kufunga, wala hakuwaamuru waache kazi zao. Alizitaja dhambi za ofisi zao kwa jina, moja baada ya nyingine, kama mtu anayezijua hesabu zao.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu mafundisho mengi kuhusu tabia ya Kikristo yamezunguka maeneo mengine. Mwongofu mpya hufundishwa kuacha pombe, uasherati, matusi na uchawi, na ni haki afundishwe hivyo. Lakini akiwa ni karani wa masjala, ni nani anayemweleza kwamba jalada linalofichwa mpaka mwenye shida atoe chochote ni dhambi ya kutubiwa kwa jina lake? Akiwa hakimu, ni nani anayemuuliza kuhusu kesi zinazoahirishwa bila sababu? Akiwa mwajiri, ni nani anayemuuliza kama mshahara wa wafanyakazi hutoka kwa wakati? Mtu anaweza kupita katika mafundisho ya ubatizo, akaimba kwaya, akawa mzee wa kanisa, na asikutane hata mara moja na mtu aliyemuuliza swali la Yohana kuhusu kazi yake.

Historia ina mfano mmoja unaoumiza. John Newton, baharia Mwingereza, alimlilia Mungu katika dhoruba baharini mwaka 1748, na yeye mwenyewe aliihesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa wokovu wake. Baada ya hapo, kati ya mwaka 1750 na 1754, alikuwa nahodha wa meli za watumwa kutoka pwani ya Afrika Magharibi. Aliacha matusi, akasoma Maandiko, akaongoza ibada kwa mabaharia wake, huku wanadamu wakiwa wamefungwa minyororo chini ya sitaha ileile. Kilichomtoa katika kazi hiyo kilikuwa ugonjwa, si dhamiri. Mwaka 1764 alipata daraja la ukasisi, na ni mwaka 1788 tu, miaka 40 baada ya dhoruba ile, ndipo alipochapisha kijitabu cha kuungama hadharani ubaya wa biashara hiyo na kueleza aliyoyaona kwa macho yake.

Siamini kwamba uongofu wa Newton ulikuwa wa uongo. Ningependa kuamini hivyo, kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kwetu sote. Tungesema tu kwamba hakuokoka kweli, tukaendelea na safari. Lililo gumu ni kukubali kwamba imani ya kweli ilimbadilisha katika kila eneo ambalo Kanisa la wakati wake lilimfundisha kuliangalia, na ikasimama kwenye mlango wa kazi ambayo jamii nzima iliihesabu kuwa halali. Tabia njema ilikuwepo. Iliishia kabla ya kufika kwa watu waliokuwa chini ya mamlaka yake.

Kurudisha kilichochukuliwa

Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru huko Yeriko, na toba yake katika Luka 19 inaanza na fedha. "Nusu ya mali yangu nawapa maskini, na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Ni baada ya maneno hayo ndipo Yesu anapotangaza kwamba wokovu umefika nyumbani humo. Zakayo hakuizua desturi hiyo. Torati, katika Hesabu 5, ilimtaka aliyemkosea mwenzake aungame, arudishe kile alichochukua chote kamili, na aongeze sehemu ya tano juu yake. Na Kutoka 22 inataja malipo ya kondoo wanne kwa kondoo mmoja aliyeibwa na kuchinjwa au kuuzwa. Yesu naye, katika Mathayo 5, anamwambia mwenye sadaka mkononi aiache mbele ya madhabahu aende kwanza kupatana na ndugu yake. Mungu yuko tayari kuisubiri sadaka ili aliyedhulumiwa asisubiri zaidi.

Hapa ndipo toba ya mtu mmoja inapoanza kuwa jambo la jamii, kwa kuwa kitu kinachorudishwa hubadilisha maisha ya mtu wa tatu ambaye hakuwepo kanisani. Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao chimbuko lake linahusishwa na kukutana kwa Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church huko Namirembe, Kampala, nchini Uganda, mwaka 1929, na kazi ya misheni ya Gahini nchini Rwanda katika miaka iliyofuata, ulijulikana kwa jambo hilohilo. Waliookoka waliungama waziwazi, wakarudisha vitu walivyoiba kwa waajiri na majirani, wakalipa madeni ya zamani. Wengi walikerwa na uwazi wao, na katika makanisa kadhaa walionekana wachochezi. Lakini hata wasiowapenda walijua kwamba mlokole akishika funguo za ghala, mali itakuwa salama. Sifa hiyo haikutokana na wimbo wala vazi. Ilitokana na watu waliopokea tena vitu vyao.

Pale urudishaji unapokosekana, hata ushindi mkubwa wa haki hubaki na kilema. Baada ya mbunge wa Uingereza William Wilberforce kuokoka mwaka 1785, alifikiria kuacha siasa. Newton, ambaye sasa alikuwa kasisi mzee, alikuwa miongoni mwa waliomshauri abaki Bungeni. Kamati iliyoundwa London Mei 1787 kupinga biashara ya watumwa ilikuwa na watu 12, tisa kati yao wakiwa Wakweka, yaani watu wa dhehebu la Kikristo la Quaker. Olaudah Equiano, Mwafrika Mkristo aliyewahi kuwa mtumwa, alichapisha simulizi ya maisha yake mwaka 1789 na kuzunguka nchini akiisoma na kuiuza. Mswada wa mwaka 1791 ulishindwa kwa kura 163 dhidi ya 88. Sheria ya kukomesha biashara hiyo ilipatikana mwaka 1807, na ya kukomesha utumwa wenyewe katika sehemu kubwa ya makoloni ya Uingereza ikapita mwaka 1833, mwaka uleule aliokufa Wilberforce. Miaka 46 ilihitajika tangu kamati ile iundwe, na kwa mwenye kudhani kwamba taifa hubadilika kwa juma moja la mkutano wa Injili, miaka hiyo ni somo tosha.

Lakini sheria hiyo ya 1833 ilitenga pauni milioni 20 za fidia, na fedha hizo zililipwa kwa waliokuwa wakimiliki watumwa. Waliokuwa watumwa hawakulipwa kitu. Dhambi ilikomeshwa kwa sheria, na bado kanuni ya Hesabu 5 iligeuzwa kichwa chini miguu juu, aliyenyang'anya akafidiwa na aliyenyang'anywa akaachwa mikono mitupu. Taifa lililojaa Biblia lilipata dhamiri ya kuacha uovu kabla ya kupata dhamiri ya kurudisha.

Liwali aliyekung'uta vazi lake

Mahali ambapo nusu zote mbili za jambo letu zinakutana ni Nehemia sura ya 5, na ninashangaa kwamba sura hii husomwa mara chache kuliko zile za ujenzi wa ukuta. Nehemia alifika Yerusalemu akiwa liwali wa mfalme wa Uajemi mnamo mwaka 445 kabla ya Kristo. Ukuta ukiwa katikati ya kujengwa, kilio kilitokea ndani, kutoka kwa watu wenyewe na wake zao. Wengine hawakuwa na nafaka. Wengine walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wale wakati wa njaa. Wengine walikopa ili kulipa kodi ya mfalme, na kwa kukosa cha kulipa walikuwa wamewatoa wana na binti zao wawe watumwa. Waliowakopesha walikuwa Wayahudi wenzao, wakuu na mashehe wa mji uleule, waliosali katika hekalu lilelile.

Angalia hatua za Nehemia, kwa maana kila moja ina kazi yake. Kwanza anakasirika, kisha anafanya shauri na nafsi yake kabla ya kusema. Halafu anawakemea wakuu mbele ya kusanyiko kubwa, kwa sababu dhuluma ya hadharani haimalizwi kwa ushauri wa chumbani. Katikati ya hotuba yake anasema jambo ambalo viongozi wachache wangethubutu kulisema: yeye mwenyewe, ndugu zake na watumishi wake nao wamekuwa wakiwakopesha watu fedha na nafaka, na anawasihi wote waiache riba hiyo. Anadai mashamba na nyumba zirudishwe siku ileile, pamoja na ile sehemu ya mia ya fedha na nafaka iliyotozwa, ambayo wafafanuzi wengi huielewa kuwa riba ya kila mwezi, yaani asilimia 12 kwa mwaka. Wakuu wanakubali. Nehemia haridhiki na kukubali kwao. Anawaita makuhani na kuwaapisha wakuu hao, kisha anakung'uta vazi lake na kusema kwamba Mungu na amkung'ute vivyo hivyo kila asiyelitimiza neno hilo.

Baada ya hapo ndipo inapoelezwa tabia yake binafsi. Kwa miaka 12 ya uliwali wake hakula chakula cha liwali. Waliomtangulia walikuwa wakiwatoza watu chakula na divai, pamoja na shekeli 40 za fedha, na hata watumishi wao walijifanya mabwana juu ya watu. Lakini yeye hakufanya hivyo, anasema, kwa sababu ya kumcha Mungu. Posho ile ilikuwa halali kisheria. Hakuna mkaguzi ambaye angemuuliza. Aliiacha kwa sababu aliona mzigo uliokuwa mabegani mwa watu, na kumcha Mungu kwake kulikuwa na maana ya kuuona mzigo huo. Ni vigumu kupata katika Maandiko mfano ulio wazi zaidi wa imani inayopita moja kwa moja hadi kwenye bajeti ya ofisi.

Na bado kitabu hakiishii hapo. Katika sura ya 13, Nehemia anarudi kwa mfalme, na anapokuja tena Yerusalemu anakuta chumba kikubwa cha hekalu, kilichokuwa ghala la zaka, kimepewa Tobia, adui wa kazi yote ile, kwa sababu alikuwa na uhusiano na kuhani Eliashibu. Walawi hawajapewa posho zao, na wamerudi kila mtu shambani kwake. Matengenezo yaliyosimama juu ya tabia ya mtu mmoja yalianguka mara alipotoa mguu. Safari hii Nehemia anafanya zaidi ya kutupa nje vyombo vya Tobia. Anaweka watunza hazina: Shelemia kuhani, Sadoki mwandishi, Pedaya Mlawi, na Hanani wa kuwasaidia, akitaja sababu ya kuwachagua, kwamba walihesabiwa kuwa waaminifu. Uaminifu wa kila mmoja unatakiwa, na bado hakuna mmoja anayeachiwa ghala peke yake. Kuhani, mwandishi na Mlawi wanatazamana.

Busara hiyo ilikuwa ya kale hata wakati huo. Yethro, kuhani wa Midiani, katika Kutoka 18, alimshauri mkwewe Musa achague watu wenye kumcha Mungu, watu wa kweli, wenye kuchukia mapato ya udhalimu, na awapange kuwa wakuu wa maelfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Tabia na mfumo vimo katika sentensi moja. Mwenye kuuliza kipi kitangulie anakigawa kitu ambacho Yethro hakukigawa.

Hekalu linapokuwa la mfalme

Limebaki swali zito kuliko yote. Je, taifa lenye Wakristo wengi linaweza kuanguka katika uovu mkubwa kabisa? Jibu la historia ni ndiyo, na jina lake ni Rwanda. Mwaka 1991 takriban asilimia 90 ya Wanyarwanda walihesabiwa kuwa Wakristo. Mwaka 1994, katika siku zipatazo 100, mamia ya maelfu ya watu, wengi wao Watutsi, waliuawa, na baadhi ya mauaji makubwa yalifanyika ndani ya makanisa, kama Ntarama, Nyamata na Nyarubuye, ambako watu walikuwa wamekimbilia. Nchi hiyo ilikuwa sehemu ya chimbuko la uamsho nilioutaja.

Sina maelezo mepesi ya jambo hilo, na sitaki kuyatunga. Lakini mambo mawili yanajulikana. Tangu miaka ya 1930, chini ya utawala wa Wabelgiji, kila mtu mzima aliandikiwa kabila lake katika kitambulisho, na kwa miaka 60 makarani, walimu na mapadri waliishi na karatasi hiyo kama jambo la kawaida. Mwaka 1994 ndiyo iliyoonyeshwa kwenye vizuizi barabarani ili kuamua nani aishi. Jambo la pili ni kwamba Askofu Mkuu Mkatoliki wa Kigali kwa miaka mingi alikuwa mjumbe wa kamati kuu ya chama tawala. Amosi aliwahi kukutana na Kanisa la aina hiyo. Amazia, kuhani wa Betheli, alimfukuza akimwambia asitabiri tena huko, kwa maana ni mahali patakatifu pa mfalme. Kuhani alisema kweli kuliko alivyokusudia. Mahali patakatifu pakishakuwa pa mfalme, hapabaki mtu wa kumwambia mfalme neno.

Walikuwepo waliokataa. Felicitas Niyitegeka, Mhutu na mtumishi mlei wa Kanisa Katoliki huko Gisenyi, aliwaficha Watutsi katika kituo alichokuwa akihudumu na kuwasaidia wengine kuvuka mpaka kuingia Zaire. Kaka yake, kanali wa jeshi, alimpelekea ujumbe ajiokoe. Alimwandikia akikataa kuwaacha watu aliokuwa nao, na tarehe 21 Aprili 1994 aliuawa pamoja nao. Yeye na waliomuua walilelewa katika nchi moja, na bila shaka walizisikia aya zilezile. Ninachokiona katika kisa chake ni kwamba imani yake ilikuwa imefika kwenye kazi: funguo za kituo zilikuwa mikononi mwake, na alijua ni kwa ajili ya nani.

Uganda inatoa mfano mwingine wa uamsho uleule. Janani Luwum aliokoka katika vuguvugu hilo mwaka 1948, akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana mwaka 1974. Mnamo Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua wakilalamikia mauaji ya kiholela na ukatili wa vyombo vya usalama. Tarehe 16 mwezi huohuo aliuawa, na serikali ikadai kwamba alikufa katika ajali ya gari. Wapo walioona kwamba askofu alijiingiza katika siasa. Mimi naona alikuwa akifanya kazi ya askofu, kama vile mtoza ushuru aliyetubu alivyopaswa kutoza kiasi halali.

Kwa mtazamo huu, mambo ambayo kusanyiko linaweza kuanza nayo si ya mbali. Mafundisho ya ubatizo na kipaimara yanaweza kumuuliza kila mtu kuhusu kazi yake, kwa maswali mahususi, kama Yohana alivyofanya. Wakristo wa taaluma moja, wauguzi kwa wauguzi, polisi kwa polisi, wanaweza kukutana ili kuzitaja kwa jina dhambi ambazo ofisi yao imezizoea, na kusaidiana pale mmoja anapoadhibiwa kwa kukataa kushiriki, kwa sababu mtu mmoja akikataa peke yake huhamishwa, ilhali watu kumi wakikataa pamoja ni vigumu kuwahamisha wote. Viongozi wa Kanisa wanaweza kukataa michango ambayo chanzo chake wanakijua.

Na kabla ya yote hayo kuna hesabu za Kanisa lenyewe. Paulo alipokusanya michango ya makanisa ya Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, dhamiri yake ilikuwa safi. Hata hivyo katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba pamoja na Tito ametumwa ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, ili mtu asije akawalaumu kwa habari ya karama ile, "tukitangulia kufikiri yaliyo mema, si mbele za Bwana tu, ila na mbele za wanadamu." Mtume aliyewaandikia wengine kuhusu tunda la Roho alikubali kusafiri na mtu wa kumkagua, mtu ambaye hakumchagua yeye. Kanisa ambalo mweka hazina wake ni ndugu wa mchungaji, na ambalo taarifa yake ya mapato husomwa haraka mara moja kwa mwaka bila maswali kuruhusiwa, halina cha kuiambia wizara ya fedha mpaka litakapompata ndugu wa namna hiyo.